Kitanzi Kisichonyonga

Saa nane usiku, Cheyo. Umeme umerudi,
feni imeanza kulalamika palepale ilipoishia.
Nimeunda kitatuzi, programu ya kuchungulia programu nyingine,
na moyoni mwake nimefunga kitanzi.
Usishtuke, mama. Hiki hakinyongi.
Ni maagizo yanayozunguka, na kila yafikapo mwanzo
huuliza swali lilelile:
Kuna lipi?

Kama hakuna, kinalala.
Si usingizi wa pombe. Ni ule wa jirani yetu, mama Kalunde:
mvua juu ya bati haimwamshi,
honi ya treni ya Mpanda haimwamshi,
ila mwanawe akikohoa mara moja tu chumba cha pili,
miguu yake iko sakafuni kabla ya macho.

Usiku huu anayelelewa ni programu ya mizani,
inapima asali huko Sikonge. Ndoo ishirini hupita salama.
Ya ishirini na moja ikipanda, jumla husoma
hasi mia tatu na kumi na tisa.
Karani wao, Bwana Mlekwa, alinipigia:
"Binti, ina maana sasa nyuki ndio wanatudai?"

Nikatega. Kwenye mstari wa kujumlisha
nikaazima baiti moja, mahali pake nikaacha jiwe,
nikasema: nenda.

Na hapa pana jambo lililonichukua miezi kulielewa:
hawa wawili hawakeshi pamoja.
Mtoto akikimbia, mlezi amelala.
Mtoto akijikwaa, mlezi anaguswa bega: wako kaanguka.
Anamkuta mguu mmoja hewani, ndoo mkononi,
wala hajui kama amesimama.
Anampekua mifuko, anahesabu alichobeba,
anairudisha baiti ya watu,
anamtembeza hatua moja, moja tu,
anaweka tena jiwe nyuma yake.
Nenda.
Analala.

Ndivyo ilivyotakiwa. Badala yake kitatuzi kikaganda.
Nabonyeza, hakisikii. Nabonyeza tena,
kama mgeni anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.

Ndipo nikamkumbuka Sizya.
Alikuwa zamu moja na baba pale stesheni, kugeuza njia:
hii Kigoma, hii Mwanza, ile Mpanda.
Kazi yenyewe fupi. Simu ilie, geuza, rudi kitini.
Usiku mmoja Sizya akageuza, kisha akaifuata treni ya Kigoma
akipatana bei ya migebuka dirishani.
Dakika arobaini. Ya Mwanza imesimama porini, taa nyekundu,
abiria wanatukana, simu inalilia kiti kitupu.
Baba hakulisimulia kwa mafunzo. Alilisimulia kwa hasira;
migebuka hakugawiwa hata mkia.

Kumbe Sizya nimemwajiri mwenyewe. Yuko mstari wa tisini:
anamuuliza mtoto swali, halafu anang'ang'ania hapohapo jibu.
Mtoto kasimama, hajibu mpaka aambiwe nenda,
na wa kusema nenda
ndiye huyo anayengoja.

Nikamfuta. Swali sasa linatupwa, mlezi anarudi kitini;
jibu likija litabisha, lipange foleni
na vidole vyangu, na saa, na wengine.

Saa kumi na dakika chache jiwe likakanyagwa.
Nikapekua mifuko, nikacheka peke yangu:
jumla ilimiminwa kwenye kibuyu kidogo.
Kilijaa, kikapinduka, kikaanza kuhesabu
upande wa madeni.
Nitamwambia Bwana Mlekwa nyuki hawadai kitu.

Nimeacha skrini wazi. Kishale kinapepesa.
Kuna lipi?
Hakuna.
Feni imechoka, au umeme umekatika tena, sijui.

Nyuma ya ukuta Kalunde anakohoa mara moja,
na kabla sijageuza kichwa
nasikia nyayo.